Duma: Giza la Nairobi na Njia Zake hadi Grande Barrière

Duma ni kundi la muziki la watu wawili lililoundwa Nairobi mwaka 2019. Mwimbaji wake alikuwa Martin Kanja, ajulikanaye jukwaani kama Lord Spikeheart. Magitaa, midundo na kazi ya kompyuta vilikuwa mikononi mwa Sam Karugu. Jina walilitoa katika Kikuyu, nalo lina maana ya giza. Msomaji wa Kiswahili hulisoma kwanza kama jina la mnyama mwenye mbio kuliko wote wa nyikani, na kwa muziki wenye kasi hii maana hiyo nayo inakaa vizuri. Lakini giza ndilo lililokusudiwa. Kundi liliacha albamu moja, yenye nyimbo tisa na jina lilelile la Duma, iliyotoka tarehe 7 Agosti 2020 chini ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Halikudumu miaka mingi. Hata hivyo, kila inapoandikwa habari ya muziki mkali wa mashine katika Afrika Mashariki, hesabu huanzia kwake au hupitia kwake.

Aina ya muziki ambayo Duma waliichanganya na metali huitwa muziki wa viwanda. Jina hilo lilitoka kwa kundi la Uingereza, Throbbing Gristle, ambalo mwaka 1976 lilianzisha lebo yake na kuiita Industrial Records. Wanamuziki hao walikataa kwamba sauti tamu ndiyo pekee inayostahili kurekodiwa. Walitumia kanda zilizokatwa na kuungwa upya, mitambo ya kutengeneza sauti, vipande vya mazungumzo na mlio wa vyombo vilivyozidishwa nguvu mpaka vikapasuka. Berlin ya Magharibi, kuanzia 1980, kundi la Einstürzende Neubauten lilipiga mabati, vyuma na mashine za ujenzi kama ngoma. Ubelgiji walitokea Front 242, na Kanada Skinny Puppy, ambao waliufunga muziki huo kwenye mdundo wa kuchezeka wa mashine. Hapo ndipo tawi la elektro lilipochipuka. Kundi la chini kwa chini, lisilopigwa redioni wala kuuzwa madukani kwa wingi, likawa ndiyo hali ya kawaida ya muziki huu tangu mwanzo wake.

Kuna wanaoamini kwamba kelele za namna hii ni kitu cha kuja, kisicho na mizizi katika sehemu hii ya Afrika. Imani hiyo haisimami mbele ya historia ya Kinshasa. Huko, tangu miaka ya 1960, Mingiedi Mawangu na kundi lake la Konono No. 1 walikuwa wakipiga likembe, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, ambayo katika sehemu za mashambani hutoa sauti ndogo ya faraghani. Mjini, palipo na magari na umati, sauti hiyo haikusikika. Mawangu aliunda vinasa sauti kwa sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari mabovu, akaviunganisha na amplifaya na vipaza sauti vya zamani vyenye umbo la tarumbeta. Mlio uliotoka ulikuwa wa kukwaruza, wenye mvumo na miguno ambayo hakuipanga. Hakuiondoa, aliifanya kuwa sehemu ya muziki. Dunia ya nje iliusikia vizuri muziki huo albamu ya Congotronics ilipotolewa na lebo ya Crammed Discs ya Brussels katikati ya miaka ya 2000. Mawangu alifariki mwaka 2015, naye hakuwa na haja ya kuwafahamu Throbbing Gristle ili kufika alipofika. Vijana wa Fulu Miziki wa Kinshasa, ambao neno fulu katika jina lao ni taka kwa Kilingala, wameendeleza kazi hiyo kwa mabomba ya plastiki, madebe na vyuma vilivyookotwa.

Nairobi ilikuwa na njia yake tofauti. Kuanzia miaka ya 2000 vijana wa mji huo walijenga jumuiya ndogo ya roki na metali, yenye makundi kama Last Year's Tragedy na Parking Lot Grass. Mazingira hayakuwasaidia. Redio zilikuwa za gospeli, genge, benga na muziki wa Marekani. Seti ya dramu ni ghali, chumba cha mazoezi kisicholetea ugomvi na majirani ni adimu, na wenye kumbi hupenda bendi itakayouza vinywaji. Juu ya hayo yalikuwepo mashaka ya dini, kwani wazazi na wachungaji wengi walisikia katika sauti ile ya kunguruma mlio wa shetani. Ndani ya jumuiya hiyo Kanja alikuwa mwimbaji wa Lust of a Dying Breed, na Karugu alikuwa mpiga gitaa la besi wa Seeds of Datura. Makundi yote mawili yalifuata umbo la kawaida la metali: dramu, besi, magitaa na mwimbaji.

Walipoungana, Karugu aliweka besi chini akashika gitaa na kompyuta. Uamuzi huo mmoja ndio uliozaa Duma. Kundi lisilo na mpiga dramu halihitaji seti ya dramu, wala gari la kuibeba, wala ukumbi wa kuitosha. Linahitaji kompyuta ya mkononi, gitaa, kipaza sauti na spika kubwa. Jambo lililokuwa na faida ya gharama likawa na faida ya sanaa. Dramu za kompyuta hupiga kwa kasi ambayo mikono ya mtu haiifikii, hukatwa vipande katikati ya pigo na kurudishwa kinyumenyume, na huweza kuvikwa sauti ya chuma, ya risasi au ya injini. Metali ya Nairobi ilikuwa imeiga vizuri mfano wa ng'ambo. Kwa hatua hii iliachana na mfano huo.

Mahali pa kufanyia kazi hiyo palipatikana Kampala. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Arlen Dilsizian na Derek Debru, wageni wawili waliohamia mji huo, walianza kuandaa usiku wa muziki wa elektroniki ulioitwa Boutiq Electroniq. Kutokana na usiku huo lilizaliwa mwaka 2015 tamasha la Nyege Nyege huko Jinja, kando ya Mto Nile, na baadaye studio, nyumba ya wasanii wageni na lebo. Jina hilo limewapa shida wasemaji wa Kiswahili, ambao kwao ni neno la matusi; waanzilishi hulieleza kwa Kiganda, kuwa ni hamu ya ghafla ya kucheza ngoma. Shida haikuishia kwenye jina. Mwaka 2018 Waziri wa Maadili wa Uganda, Padri Simon Lokodo, alitangaza kulipiga tamasha marufuku kwa madai ya uasherati, na serikali ikalegeza uamuzi huo kabla ya siku ya ufunguzi. Mwaka 2022 bunge nalo lilijaribu kulizuia, na tena likafanyika.

Kabla ya Duma, lebo hiyo ilikuwa imeshafanya jambo kubwa kwa Tanzania. Mwaka 2017 ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, Dar es Salaam, ukawapelekea wasikilizaji wa mabara mengine singeli, muziki wa vigodoro na harusi za uswahilini wenye mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Waliozoea kudhani kwamba kasi ya kupita kiasi ni mali ya metali ya Ulaya walilazimika kufikiri upya. Singeli na metali hazina undugu wa asili, ila zinakutana katika kitu kimoja: mwili wa msikilizaji unapelekwa mpaka ukingoni mwa uwezo wake. Ukingoni hapo ndipo Duma walipojenga.

Albamu ilirekodiwa katika studio ya Nyege Nyege, Kampala, kwa muda wa miezi mitatu katikati ya mwaka 2019. Majina ya nyimbo yenyewe yanaonyesha akili ya kazi hiyo: "Angels and Abysses", "Corners in Nihil", "Omni", "Lionsblood", "Pembe 666". Moja inaitwa "Uganda with Sam", alama ya mahali na ya urafiki iliyoachwa ndani ya kazi iliyojaa giza.

Kinachosikika ni tabaka tatu zinazogombana. Chini kuna midundo ya mashine, mara mingi na ya kasi isiyohesabika, mara mizito na ya polepole kama mgongano wa makontena bandarini. Katikati kuna gitaa, lakini gitaa lililopitishwa kwenye mitambo hadi halitambulikani tena. Wakati mwingine ni mvumo mrefu tu, kama wa transfoma. Juu kabisa kuna sauti ya Kanja. Huu si uimbaji kwa maana ya kila siku. Mwimbaji wa namna hii hutetemesha mikunjo ya nyama iliyo juu ya nyuzi za sauti, huku akiisukuma pumzi kutoka tumboni. Asiyefundishwa hilo huumiza koo kwa usiku mmoja. Kanja huhama kutoka mlio wa juu unaochoma hadi mngurumo wa chini, na mara nyingi maneno humezwa kabisa, ikabaki hali ya mtu aliye katika maombi, katika hasira au katika kupandwa na pepo. Karugu haiachi sauti hiyo itawale. Huikata, huirudufisha, huizamisha chini ya midundo kisha huiibua. Ustadi mkubwa wa albamu uko hapo: nguvu haitokani na wingi wa kelele. Inatokana na mahali kelele inapokatwa. Kimya cha ghafla kati ya mapigo hufanya kazi kuliko pigo lenyewe.

Wakosoaji wa Ulaya na Marekani waliipokea kwa sifa kubwa, ingawa baadhi yao walishangaa mno kwamba kazi hiyo imetoka Kenya, mshangao unaosema zaidi kuhusu wao wenyewe, waliozoea kutarajia kutoka Afrika kitu cha jua na shangwe. Wakati wa kutoka kwake ulikuwa mgumu. Machi 2020 nchi za eneo hili zilifunga viwanja vya ndege na mipaka kwa ajili ya Uviko-19. Rwanda ilifunga mipaka yake kwa abiria, ikiwa ni pamoja na Grande Barrière, lango la Gisenyi la kuingilia Goma, Kongo, ikiruhusu mizigo na wananchi waliokuwa wakirejea nyumbani. Muziki ulioundwa ili usikilizwe katika umati, kwa spika za kutikisa kifua, ulifika kwa wasikilizaji kupitia visikizio vya masikioni, kila mtu chumbani kwake. Majukwaa ya Ulaya yalikuja baadaye, milango ilipofunguliwa, na lebo ya Sub Pop ya Seattle, iliyowahi kutoa kazi za mwanzo za Nirvana, iliwatolea santuri ndogo yenye nyimbo mbili, "Cannis" na "Mbukinya".

Kazi za pembeni zilitanda pia. Mwaka 2021 Mjapani Shigeru Ishihara, anayeishi Berlin, alitoa albamu ya Tewari kwa jina la Scotch Rolex. Jina hilo lina heshima kwa roleksi ya Kampala, ile chapati inayoviringishwa na mayai. Ndani yake Kanja alisimama pamoja na MC Yallah na Swordman Kitala, wachanaji wa Uganda, na watayarishaji Don Zilla na Chrisman. Albamu hiyo ilionyesha kwamba sauti ya Duma ingeweza kuishi nje ya Duma.

Ndivyo ilivyokuwa. Kundi lilipofikia mwisho wake, Kanja aliendelea peke yake, na Aprili 2024 alitoa The Adept kupitia lebo yake mwenyewe, Haekalu, jina linalokumbusha neno la Kiswahili hekalu. Kazi hiyo aliifungamanisha na Muthoni wa Kirima, anayemtaja kuwa bibi mkuu wa ukoo wake, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha field marshal katika vita vya Mau Mau. Muthoni alibaki msituni mpaka Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, akafuga nywele zake za msokoto kwa miongo mingi kama ushahidi wa ahadi ambazo hazikutimizwa kwa wapiganaji, akakubali zikatwe mwaka 2022, na akafariki Septemba 2023. Kwa kumtaja, Kanja aliwapa wasikilizaji ufunguo wa kurudi nyuma na kuisikia Duma upya. Giza lile halikuwa pambo la metali lililoazimwa kwenye majalada ya ng'ambo. Kwa Wakikuyu wa kizazi hicho giza lina historia: msitu wa Nyandarua na Mlima Kenya, amri ya kutotoka nje, kambi za kizuizini.

Urithi wa Duma hauwezi kufuatwa Nairobi peke yake, kwa sababu studio ya Kampala iliyouzaa ilikuwa ya watu wa nchi nyingi, na Wakongo wa mashariki walikuwa na nafasi kubwa ndani yake. Lebo ndogo ya Hakuna Kulala, iliyoanza mwaka 2018 kama tawi la Nyege Nyege kwa ajili ya muziki mkali wa klabu, ilifunguliwa kwa kazi ya Slikback wa Nairobi, na miongoni mwa waliosimamia uundaji wake ni Rey Sapienz, mzaliwa wa mashariki ya Kongo aliyehamia Kampala. Don Zilla, mwenye asili ya Kongo na aliyekulia Uganda, alitoa mwaka 2021 albamu ya Ekizikiza Mubwengula, maneno ya Kiganda yanayotaja giza la angani. Kanja na Karugu walikuwa wameliita giza kwa Kikuyu. Mwenzao wa Kampala aliliita kwa Kiganda. Na Chrisman, ambaye mkono wake unasikika katika rekodi nyingi za studio hiyo, anatoka Goma.

Goma na Gisenyi ni miji miwili iliyoshikana kaskazini mwa Ziwa Kivu, mmoja Kongo, mwingine Rwanda, na Kiswahili kinasikika pande zote mbili. Watu huvuka kwa njia mbili. Petite Barrière ni ya waenda kwa miguu, wachuuzi wa mboga na wabeba mizigo. Kabla ya Uviko-19 ilihesabiwa kati ya mipaka yenye wavukaji wengi zaidi barani, makumi ya maelfu kwa siku. Grande Barrière iko karibu na maji, ni ya magari na wasafiri wenye pasipoti, na siku hizi huitwa pia La Corniche. Anayetoka Goma kwa barabara kuelekea Kigali, akiwa na kompyuta yake mkobani, hupitia hapo. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wake wa ndege kufungwa, lango hilo limekuwa mojawapo ya milango mikuu ya mji kuelekea dunia ya nje.

Muziki wa Goma una tatizo ambalo Nairobi haikuwa nalo kwa kiwango hicho. Kwa zaidi ya miaka 20 mashirika ya misaada yamekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa sanaa mjini humo. Shirika linapotaka kuhimiza unawaji wa mikono, chanjo au amani kati ya makabila, huagiza wimbo, na wimbo lazima uwe na ujumbe, uwe wa kueleweka na uwe na matumaini. Chérie Rivers Ndaliko alilichambua jambo hilo katika kitabu alichokichapisha mwaka 2016, Necessary Noise, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa kelele za lazima. Kituo cha Yole!Africa, ambacho Petna Ndaliko Katondolo alikianzisha Kampala mwaka 2000 kabla ya kukipeleka Goma, kilijitahidi kuwapa vijana nafasi ya kusema yao bila kuagizwa. Kwa msanii wa mji kama huo, albamu ya Duma ina maana ya pekee. Haina ujumbe wa kubandikwa ukutani. Haiahidi kwamba mambo yatakuwa mema. Inaruhusu hofu na hasira kubaki zilivyo, bila kuzisafisha kwa ajili ya mfadhili. Kijana aliyekulia chini ya Nyiragongo, volkano iliyoteketeza sehemu ya mji mwaka 2002 na kulipuka tena Mei 2021, na aliyezoea kusikia mizinga kutoka upande wa mji jirani wa Sake, hahitaji kufafanuliwa kwa nini muziki unaweza kusikika hivyo.

Haifai kutia chumvi. Goma haina mtaa wa metali, wala Gisenyi haina ukumbi wa muziki wa viwanda. Baa za ufukweni hupiga rumba, amapiano na nyimbo za Bongo Fleva, na rap ndiyo lugha ya vijana walio wengi. Kilichopita mpakani ni namna ya kufanya kazi: kompyuta moja, programu ya kurekodia, sauti iliyozidishwa nguvu bila woga, na imani kwamba kazi iliyotengenezwa chumbani Afrika ya Kati haihitaji kulainishwa ndipo isikilizwe. Katika kazi za Chrisman ngoma za Kongo husagwa pamoja na besi nzito ya mashine hadi mtu asijue ipi imetangulia. Albamu ya Na Zala Zala, ambayo Rey Sapienz aliitoa mwaka 2021 na wenzake kwa jina la The Congo Techno Ensemble, ilizungumzia vita na maisha ya mashariki ya Kongo kwa mdundo wa klabu, bila kugeuka kuwa mahubiri.

Sehemu dhaifu ya historia hii ni kumbukumbu. Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura leo yanatajwa zaidi kwa sababu wanachama wao waliunda Duma. Makundi mengine ya kizazi hicho yamebaki katika simu zilizopotea, kompyuta zilizoibwa na kurasa za mtandaoni zilizofutwa. Albamu ya Duma ilisalimika kwa kuwa ilipata lebo, jalada, tarehe na nakala za santuri zilizotawanyika duniani. Wanaotengeneza muziki huu Goma, Gisenyi na Bukavu hawana kinga hiyo, na vita vinavyoendelea vinaweza kuufuta kwa siku moja mkusanyiko wa miaka kumi. Kila mwenye rekodi zake na aziandikie jina, mji na mwaka, atoe nakala ya pili, na nakala hiyo aivushe Grande Barrière ikahifadhiwe upande mwingine.